Iache Ilie

Hilary, usicheke. Leo nimezimia kwenye treni ya chini ya ardhi.

Joto la London mwaka huu si mchezo, na mle ndani ni tanuri. Tangazo linarudia, bebeni maji, bebeni maji. Mimi sina. Miaka yote chupa alikuwa anabeba Denzil, unamjua mume wangu na chupa yake.

Nikaona giza. Kuzinduka, niko kwenye benchi la stesheni, dada mfanyakazi wa pale ananipepea kwa gazeti. "Kunywa taratibu, mama. Na hilo sweta la nini leo, jamani?"

Halafu akauliza, "Nimpigie nani aje akuchukue?"

Hilary, nimpigie nani. Nikakaa natafuta jina. Wewe uko Kanada. Nikamtajia namba ya simu ya mezani ya nyumbani.

Ikalia. Ikalia. "Hapokei mtu, mama."

Unajua nilimjibu nini? "Iache ilie, atakuwa bustanini."

Atakuwa bustanini. Mimi niliyemzika mwezi wa pili, wewe umenishika mkono.

Yule dada akaiacha ilie.