Divai ya Mezani kwa Mkubwa

Shituru, Jumamosi jioni

Bado nasikia vicheko vyao. Mwezi uliopita, mezani kwa mkubwa wa kazi wa mume wangu Gaston, nilitema divai kwenye kitambaa mbele ya wageni wote. Gaston hakunigombeza. Ila sasa amesema kwamba kwenye karamu ya kesho kwa mkubwa huyo ataenda peke yake, na hilo ndilo lililoniuma.

Ndiyo maana leo nilimwendea jirani yetu Papa Anaclet, aliyewapikia Wabeleji miaka mingi, anifundishe kunywa divai. Alinimiminia kidogo. Nikafumba macho, nikameza.

"Mama, haiko dawa," akasema. "Ikae kwanza mu kinywa. Kisha kula nyama, unywe tena."

Nikala kipande cha mbuzi chenye mafuta na chumvi. Nilipokunywa mara ya pili, ule ukali ulikuwa umetulia, na nyuma yake kulikuwa na kitu kama... sijui, kama tunda lililoiva mno. Nikaomba tena. Mimi!

Papa Anaclet alinipa chupa iliyobaki. Wakati wa chakula nikammiminia Gaston, nami nikanywa polepole, bila kukunja uso. Aliniangalia sana. Halafu akaweka glasi yake chini.

"Miye ile kintu sijaipendaka hata siku moja," akasema. "Ninamezaka tu bila kupumua, wasinicheke."

Miaka minne ya karamu, na hakuniambia! Nilimhurumia. Nikamsogezea sahani ya nyama, nikamwonyesha nilivyoonyeshwa. Akajaribu, akatafuna, akajaribu tena.

"Kesho tutaenda wote wawili," akasema mwishowe. "Ukae pembeni yangu."