Bunduki ya Nyuma ya Mlango

Shamba la Stuckey,
Hadley Ford, Missouri.
14 Oktoba 1987

Mpendwa dada Nadine,

Pokea salamu zetu sote. Goti lako linaendeleaje, na huko Oregon mvua imepungua? Sisi tu wazima, ila wifi yako Joyce anasumbuliwa na kikohozi. Mahindi tumeshavuna.

Kuna jambo limetupata. Unaujua ugonjwa wangu wa kusaka bunduki kuukuu za thamani zinazouzwa bei ya kutupa. Jumamosi nilikwenda kwa Opal Trimble, mjane wa Earl, aliyekuwa anauza vitu vya marehemu kwenye gereji ya nyumbani kwake. Mezani, katikati ya misumeno, ililala bunduki ya mitutu miwili, ubavuni imenakshiwa kware. Dola mia tatu! Nadine, ile haipungui elfu saba. Nikajikausha, nikajifanya napima meno ya msumeno.

Mara akaingia Gaylord Pruett, yule mchuuzi wa bunduki wa mjini. Akaniwahi, akaibeba, akavuta nyundo zake zote mbili za kufyatulia asikie zinavyolia. Mitutu ilielekea mlango wa jikoni, aliposimama Opal na birika la kahawa.

"Hiyo Earl aliiweka nyuma ya mlango kwa ajili ya mbweha," Opal akasema. "Tangu afe hajaigusa mtu. Nimeileta hapa asubuhi hii."

Nikauacha msumeno. Bunduki ya nyuma ya mlango haikai tupu.

"Gaylord, toa kidole hapo! Ina risasi hiyo!"

Akacheka. "Wendell, janja hiyo kamfanyie mkeo. Unataka niiweke chini uidake."

"Ichukue, ni yako! Ila elekeza juu, bwana!"

Hakuisogeza. Nikaenda kusimama mbele ya Opal, mitutu ikinitazama kifuani. Hapo kicheko kikamkauka. Akaiinua juu, akaifungua taratibu. Risasi mbili nyekundu.

Opal akatua birika. "Iondoeni. Mmoja wenu aichukue bure."

Tukatazamana. Gaylord ndiye aliyesema: "Bibie, hii ni ya elfu saba. Usimpe mtu bure, hata mimi."

"Na nyote wawili mlijua thamani yake, tangu mlipoingia?"

Gaylord akairudisha bunduki kati ya misumeno. Opal alitumiminia kahawa hata hivyo. Yangu niliiacha mezani.

Bunduki itapigwa mnada mwezi ujao. Sitakwenda.

Msalimie shemeji Lyle, na Corinne mwambie mjomba wake anamkumbuka. Mungu awalinde nyumbani na njiani.

Nduguyo akupendaye siku zote,
Wendell