Ngenge Nao Wasikie

Jumanne, 1 Machi 2005

Dawa zilikuja bohari yetu ya Miembeni, Ngenge wamekosa tena. Tunapigia simu kituo cha tiba kimoja kimoja: Kahororo, kisha Muleba, Ngenge mwisho, simu yao ikikubali. Gari lao likifika, katoni zimeisha. Na kaka Rwegasira yuko huko Ngenge, anasubiri kuanza dawa za virusi. Suruali anaifunga kwa kamba. Kwa majirani tunasema ni kifua.

Nimechoka kulia. Kila kituo sasa kina kompyuta na antena, basi nitaandika programu ya Python. Ujumbe mmoja, anwani moja ya kundi, kila kompyuta iliyojiunga inasikia kwa pamoja. Bosi amekubali: atakayejibu, fungu lake linatengwa. Philbert, fundi wa mtandao, kacheka. Eti nataka kuwa kengele ya kanisa. Ndiyo!

Alhamisi, 3 Machi

Nimetuma HABARI. Kompyuta ya Philbert, meza ya pili, imelia papo hapo. Kahororo kimya. Muleba kimya. Ngenge ndiyo usiseme.

Nimelaumu antena, mvua, na Philbert. Kumbe ni mimi. Ujumbe wa kundi una TTL, ndiyo pumzi yake. Kila ruta, mashine ya kupitisha ujumbe njiani, inakata pumzi moja, na usipotaja idadi, unapewa moja tu. Ulikuwa unafia mlangoni kwetu! Nimeweka nane. Philbert naye alikuwa hajaruhusu ruta zake zipitishe, na hakusema. Tumesameheana kwa chai.

Jumamosi, 5 Machi

Kahororo wamejibu. Muleba wamejibu. Ngenge hapana. Philbert kanunua soda, yangu nimeiacha mezani.

Jumatatu, 7 Machi

Simu ya Ngenge imekubali! Muuguzi Bernadeta. Jirani wa zahanati amefiwa na mume, ugonjwa huu huu. Na kwetu kukiwa na matanga hakuna anayeshika jembe. Basi Bernadeta kaizima kompyuta, nayo si ni kazi? Wagonjwa aliwahudumia. "Mgonjwa hasubiri matanga, waitu, ndugu yangu. Lakini mashine?"

Sikujua nicheke au nigombe. Ujumbe wangu haumngoji mtu. Asiyekuwepo kwenye kundi umempita, kama tangazo la ibada. Kwa hiyo nimeongeza: programu irudie kutuma mpaka kila kituo kijibu. Matanga yameisha leo, kasema, ameiwasha. Nikauliza kuhusu kaka. "Anakunywa uji, anakuulizia." Nimepumua.

Jumatano, 9 Machi

Lori la dawa limeingia. Si jaribio tena.

DAWA ZIMEFIKA. Kahororo wamejibu. Muleba wamejibu. Ngenge kimya. Inarudia. Philbert amesimama nyuma yangu, anatafuna kalamu yangu. Inarudia.

NGENGE: TUMESIKIA.

Nimepiga kelele mpaka mlinzi kaja! Nimelia pia, sijali. Philbert kashaenda kuandika NGENGE kwenye katoni zao, kwa wino mzito, asije mtu akajisahau. Afadhali. Afadhali mno.

Sasa hivi Bernadeta kaleta ujumbe mwingine. Majibu ya vituo yanakuja kwangu peke yangu, kwa hiyo ameandika bila kuficha. Gari lao linaondoka kuja kuchukua dawa. Rwegasira amesikia mashine ikilia, kavaa viatu, anataka kuja aonwe na daktari huku mjini. Amwache au aje naye? Dereva anasubiri. Nimepiga simu — haikubali.

Kumjibu nina njia moja tu. Na programu yangu haijui kunong'ona. Nikituma, Kahororo watasoma, Muleba watasoma, na shemeji wa mama yuko zamu Muleba. Mwaka mzima tumesema kifua.

Nimeshaandika kwenye skrini: NGENGE, NJOO NA RWEGASIRA. AANZE DAWA. NI KAKA YANGU.

Ningeweza kulifuta jina. Silifuti. Mkono wa kushoto uko juu ya Enter, wa kulia unaandika hapa, na ajabu ni kwamba sioni aibu, naona njaa tu, kama mtu aliyepona homa. Philbert amerudi, anasoma begani kwangu. Amenivutia kiti —