Kibanio Namba Nne

Benaco, Ngara
Jumatano, 12 Juni 2024

Kaka yangu Gidioni,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi na watoto, na kwamba kile kifua kilichokusumbua tangu masika kimekuachia. Sisi huku hatujambo. Mama nilimwona Jumapili kule Nyakisasa. Anapura maharage kama msichana, na anauliza kwa nini hupigi simu. Nimemwambia Biharamulo kuna kazi nyingi. Hakuniamini, nami simlaumu.

Utashangaa kwa nini naandika na simu ipo. Kwa simu ungenikatiza, nami ningepata pa kujificha. Hii nitampa kondakta wa basi la kesho asubuhi, na nitamwambia asiikabidhi kwa mtu mwingine.

Barua yako kwa chama chetu cha mashua ndogo za rimoti nimeipokea. Unataka Jumamosi hii, kabla ya mashindano, jina la Ciza lifutwe, kwa kuwa ulimwachia mashua yako aiendeshe naye akaipasua kwenye mawe ya lambo. Umeniagiza mimi, katibu, niisome mbele ya wanachama. Nimeisoma peke yangu mara nne. Umeandika vizuri, kaka, kama ulivyoichonga ile mashua, na ndiyo maana imeniuma.

Najua ulivyoihangaikia. Miezi sita unakwangua ubao baada ya kazi, ukayeyusha risasi ya betri kuukuu kuipa uzito chini isipinduke, mimi nikakushonea tanga kwa kitambaa cha mwavuli mweusi uliovunjika mbavu, nilioununua Kabanga. Watu walitucheka sana: watu wazima na ndevu zao wamesimama ukingoni mwa lambo la ng'ombe, rimoti mkononi, wanabishana juu ya upepo. Wewe na Ciza ndio mlioanza. Ulipohamia Biharamulo hukuniachia mimi mashua, ndugu yako wa tumbo moja, ukamwachia yeye. Nilinuna wiki nzima.

Tangu siku ile Ciza haji lamboni. Nilikwenda kwake kumuuliza. Alikuwa anatengeneza baiskeli ya mtu, hata hakuinua kichwa. Alisema tu, "Nilikata kushoto, yenyewe ikaenda kulia. Sina lingine la kukuambia, Esperansia." Na sasa, kwa kuwa wazazi wake walitoka ng'ambo ya mpaka, wapo wanaosema kwamba watu wa kuja hawana uchungu na vitu vya wenyeji. Mtu aliyezaliwa hapa hapa, kaka, ambaye tulibatizwa naye siku moja. Matiasi, mwenyekiti wetu, anasema kura za kumtoa zinatosha.

Sasa nivumilie. Unazikumbuka rimoti zetu, zile kuukuu alizotuachia yule mhandisi aliyestaafu: ziko sita, lakini mawimbi yake ni manne tu, namba moja hadi nne, kwa hiyo baadhi hutumia namba moja. Mashua yako na yangu zote ni namba nne na haziendi majini pamoja, maana rimoti ya moja huigeuza na nyingine. Sheria uliiweka wewe mwenyewe. Kila namba ina kibanio kimoja cha nguo kwenye ubao. Aliyekibana kolani ndiye anayewasha, na asiye nacho haigusi swichi.

Siku ile Ciza alikuwa nacho. Mimi nilikuwa nyuma ya tuta, zamu yangu ilikuwa inafuata, na usukani wa mashua yangu ulikuwa umenisumbua tangu asubuhi. Nikasema niujaribu kidogo tu. Nikawasha. Usukani ukatetemeka kama mtu mwenye homa. Badala ya kuzima nikadhani betri zimechoka, nikausukuma mkono wa rimoti kulia, nikaushikilia hapo. Nikasikia watu wanapiga kelele upande wa pili. Nilipopanda tuta mashua yako ilikuwa imeshapasuka kifuani, na tanga linaelea.

Ni mimi, Gidioni. Nilijua palepale. Nilizima, nikaificha rimoti kwenye kikapu, halafu nikakaa chini na kuandika katika kumbukumbu za chama, kwa huu mwandiko unaousifia, kwamba chanzo ni uzembe wa mwendeshaji. Wiki ya tatu sasa nimekaa kimya. Naona aibu, na aibu yangu sitaki tena kumbebesha Ciza.

Jumamosi sitaisoma barua yako. Nitausoma ukurasa ule wa kumbukumbu, niupige mstari mbele yao wote, niseme nilichofanya. Wakitaka jina la kufuta, langu lipo. Leo jioni nakwenda kwanza kwa Ciza, asije akayasikia hadharani. Mashua yangu ataiendesha yeye. Ubao wa mashua yako mpya nimeshanunua, nami nitaichonga mwenyewe hata ikitoka na nundu.

Ndani ya bahasha hii utakuta kibanio chekundu, namba nne. Nimekitoa ubaoni, nacho hakina mwenzake. Kisipokuwepo Ciza hawezi kuwasha, na sheria ni yako. Basi la kwanza kutoka huko linafika hapa saa nne, mashindano yanaanza saa sita. Kakibane wewe mwenyewe kwenye kola ya Ciza, kwa mkono huo huo uliotuandikia.

Msalimie sana wifi, na watoto waambie shangazi amewawekea karanga. Mama nitamwambia uko njiani, kwa hiyo usinifanye mwongo mara ya pili.

Ni mimi mdogo wako,
Esperansia