Matairi Aliyoyakalia Mtani

Ijumaa usiku, Septemba 1993

Mbavu bado zinaniuma kwa kucheka! Mke wangu ameshaniuliza kama nimekunywa.

Enzi za kununua kwa kibali cha serikali tulifunga tairi lolote tulilopewa, tukashukuru. Leo duka limejaa, mtu unachagua mpaka unachanganyikiwa. Na Jumapili baada ya misa ni mashindano yetu ya Landrova, Songea hadi Namasakata, mawe kwanza, mchanga mwishoni. Wa kumshinda ni Saidi, Myao wa Tunduru. Mimi Mngoni, yaani ni mtani wangu, na chochote nikikisifia lazima akibebe.

Basi leo dukani, Saidi akiwa pembeni, nikayasifia kwa sauti matairi mapana yenye meno marefu, yanayong'aa kama viatu vya bwana harusi. Ubavu wa matairi hayo nilishaubonyeza kwa dole gumba, ukabonyea kama andazi.

Saidi akayakalia palepale. "Haya yangu! Babu zako walitoka kusini kwa miguu, wewe tairi la nini?"

Mtani hagombezwi. Nikanuna kwa kujifanya, nikachukua yale membamba aliyoyadharau, ubavu mgumu kama kwato.

Wasiwasi ninao, nisijidanganye. Mchangani yake yatapita juu na yangu yatazama. Nitapunguza upepo, na Mungu anisaidie. Ila kabla ya mchanga kuna yale mawe...

Nitamkuta kando ya barabara anabadilisha gurudumu. Nitasimama nimsaidie, maana mtani haachwi njiani.

Lakini kwanza nitacheka.