Taa ya Babu na Mkaguzi wa Jumanne

Jumamosi, 3 Mei 2025

Taa ya babu imeondoka leo. Tumeifunga mimi na Shangazi Dorosela dukani kwake, hapa Njombe. Sponji ya godoro kuukuu ndani, boksi, sponji tena, boksi la pili. Babu alikuwa mtu wa reli Makambako, na taa hii ndiyo aliyokuwa akiwapungia madereva wa treni. Ukizungusha kichwa chake kioo kinageuka — cheupe, chekundu, kijani — na kinalia kidogo. Kwii.

Bibi ndiye aliyeamua iuzwe, ili kaburi la babu lijengewe kabla ya mwaka kutimia. Picha nilipiga mimi, maelezo ya Kiingereza niliandika mimi, tukaiweka kwenye ule mtandao wa wakusanyaji wa vitu vya zamani, kwa jina la Shangazi. Mnunuzi hakuchelewa. Bwana Amos. Mbena mwenzetu, anaishi Ujerumani, anauza na kukusanya vitu vya reli.

Kwenye ofisi ya vifurushi palikuwa na mvutano. Amos alikuwa ametuma sauti: mwanangu, andikeni kwamba ni zawadi, na thamani ndogo tu, maana kodi ya huku ni kali. Shangazi akasema tumwandikie, kwani tunapungukiwa nini? Nikakataa. Mwalimu wetu wa Commerce alituambia bima hulipa ulichoandika, si ulichopoteza. Ukiandika bei ya kuku, taa ikivunjika unalipwa kuku. Tena ni uongo. Nimeandika bei yenyewe na bima tumekata.

Shangazi amenuna njia nzima. "Huyu mtoto atatufilisi kwa ukweli wake."

Jumatano, 21 Mei

Imefika. Amos ametuma sauti nyingine, na leo mimi si mwanangu tena. Wamemtoza kodi kwa bei yote, na gharama ya kusafirisha wameijumlisha humo humo. "Binti, umenikomoa. Biashara huijui. Unajua madaftari."

Nimemjibu kwa adabu: samahani baba, niliandika ukweli. Tiki mbili za buluu.

Alhamisi, 22 Mei

Anasema imevunjika.

Hakutuambia sisi. Ameuambia mtandao, kwa Kiingereza safi, na picha ameweka: vipande vyekundu juu ya gazeti. Anataka arudishiwe hela yote. Mtandao umeishikilia mpaka tuelewane.

Nimeikuza ile picha mpaka ikawa madoa. Kioo chekundu cha taa yetu ni kinene, kimetuna mbele kama jicho la ng'ombe. Nimekisugua kwa majivu tangu nikiwa darasa la pili. Vipande vya Amos ni vyembamba kama vya glasi ya juisi. Si kioo chetu hicho. Taa anayo, nzima, na hela anaitaka.

Nimemwonyesha Shangazi. "Ndiyo ukweli wako huo," akasema. "Umekuletea vipande."

Amekula kaburi la babu. Sina neno lingine.

Jumapili, 25 Mei

Kanisani, tulipofika pale pa kuwasamehe waliotukosea, nilifunga mdomo. Midomo ya wengine ilitosha.

Baada ya ibada, mnada wa sadaka. Jogoo alipitishwa kwa watu, miguu imefungwa, shingo inaning'inia. Nikampa jina la Amos. Alipopata mnunuzi niliona raha.

Jumanne, 27 Mei

Nimesoma masharti ya bima yote, hata yale ya herufi za sisimizi. Nimepata!

Bima hailipi kwa picha. Mnunuzi lazima atunze taa yenyewe, kila kipande, na boksi, halafu mkaguzi aende akavione. Nimetuma madai jioni hii hii. Shangazi alikuwa anasoma juu ya bega langu. Akaanza kucheka polepole.

"Sasa huyu baba vipande atavitoa wapi?"

"Ndiyo hapo, Shangazi."

Ndiyo hapo. Mkaguzi akikuta taa nzima, Amos ameumbuka, na mtandao utamfukuza yeye na duka lake. Asipotaka kuumbuka, itabidi aivunje kweli. Akivunja, bima inamlipa bibi. Nimemzibia pande zote mbili. Nimesoma ukurasa wake — anaziandikia taa zake habari ndefu kama watu wanavyoandikia watoto wao. Natamani ashike nyundo mwenyewe. Natamani mkono umtetemeke.

Ugali wa leo ulikuwa mtamu.

Jumatano, 28 Mei

Amos: vipande nimeshatupa.
Mimi: baba, masharti yanakataza kutupa. Nimekuwekea na ukurasa wenyewe.

Ijumaa, 30 Mei

Mkaguzi atakwenda kwake Jumanne, tarehe 10 Juni. Amos anapiga, anapiga tena. Naiacha iite. Nimeanza kuupenda mlio wa simu.

Ijumaa, 6 Juni

Shule imefungwa. Niko Makambako kwa bibi. Shangazi amenipa simu yake, ile anayoipigia Amos, nije nayo — anasema vita niliianza mimi, niimalize mimi.

Baridi kali, na upepo wa hapa hauna adabu. Matofali ya kaburi bado yamerundikwa nyuma ya jiko. Fundi Elius alipita kuuliza tunaanza lini. Bibi akamwambia bado kidogo, mwanangu. Fundi akasema yeye hana haraka, ila msimu wake ndio huu. Niliona aibu kwa niaba ya bibi. Nayo nikaiongeza kwenye deni la Amos.

Jioni nilimweleza bibi mtego wangu wote, mwanzo mpaka mwisho. Alikuwa anamenya viazi. Nilidhani atafurahi.

"Na taa je?" akauliza.

"Bima italipa, bibi."

"Sijauliza bima. Nauliza taa. Itakuwa nzima au itakuwa imevunjika?"

Nikasema hiyo inategemea Amos.

"Aa." Akamenya kiazi kizima ndipo akaendelea. "Mimi nilidhani naiuza kwa mtu wa kuitunza."

Sijaupenda ule usemaji wake. Mwizi ni Amos. Kwa nini niliyekosa usingizi wa raha leo niwe mimi?

Jumapili, 8 Juni. Pentekoste

Niandike kwa mpangilio.

Tulikuwa tumetoka kanisani, tunakunywa chai. Simu ikaita, ya video. Bibi akauliza nani huyo asiyechoka. Nikasema mwizi. "Mpokee," akasema.

Amos ni mwembamba kuliko nilivyomfikiria. Sweta la kijivu, macho mekundu. Hakusalimia. "Binti, tumalize. Mimi nafuta madai yangu, hela inatoka, wewe unamwondoa mkaguzi. Basi."

Nikasema mkaguzi anakuja Jumanne.

"Akija atakuta vipande. Nakwambia waziwazi. Duka langu silipotezi kwa sababu ya mtoto wa shule."

Nilikuwa na jibu lake, nimelitunza wiki mbili. Bibi akaniondolea simu mkononi. Akaisogeza mpaka karibu na pua.

"Kamwene," akamsalimia kwa Kibena.

Amos akakaa wima. Nimeona kwa macho yangu, kama mtu aliyeitwa na mwalimu mkuu. "Kamwene, bibi."

Bibi akamuuliza ni wa kwa nani. Wa Lupembe. Wakahamia Kibena kabisa: mvua, chai ya kule, mama yake yuko hai, miguu inamsumbua. Mtu angedhani ni jamaa yetu kapiga kutusalimia. Mimi natafuna mkate na hasira. Halafu bibi, bila kubadili sauti:

"Sasa nionyeshe taa yangu, mwanangu. Hivyo hivyo ilivyovunjika, niiage."

Niliweza kusikia saa ya ukutani ya huko kwake.

Mtandao aliudanganya vizuri tu, kwa Kiingereza, kwa watu asiowajua. Lakini bibi yuko pale, na khanga yake ya kanisani, anasubiri. Amos aliinamisha kichwa. Akatoka kwenye skrini. Akarudi nayo.

Nzima. Ameing'arisha kuliko hata mimi.

"Iwashe," bibi akasema. Akaiwasha. "Igeuze." Kwii — nyekundu, uso wa bibi wote mwekundu kwenye kile kidirisha kidogo. "Igeuze tena." Kwii. Kijani. Bibi akainua mkono, akaupunga taratibu, kushoto kulia, na sikujua kama anampungia Amos au nani.

Hapo ndipo nilipopenyeza vidole nikabonyeza vitufe viwili. Picha ya skrini. Taa ya kijani, uso wa Amos nyuma yake, tarehe na saa juu. Hakuna aliyeona.

"Umekosea," bibi alimwambia. "Kautoe uongo wako, na huyu naye atamtoa mkaguzi wake. Taa itunze." Amos alijifuta uso kwa mkono wa sweta. Akasema asante, bibi. Mimi hakuniangalia.

Saa kumi ujumbe umeingia: mnunuzi amefuta madai yake, hela inaachiliwa. Bibi amemtuma mtoto wa jirani kwa Fundi Elius, aje kesho na mchanga.

Kwa hiyo kaburi litajengwa. Kilichobaki ni mimi na picha.

Nikiituma mtandaoni, Amos amekwisha leo. Na anaweza kuivunja taa kwa hasira, ndiyo, anaweza. Nimeshaandika barua ya kuiambatanisha, kwa Kiingereza, na kila neno ndani yake ni kweli. Nimeisoma mara kadhaa. Ni barua nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika.

Bibi ameita sasa hivi kutoka jikoni. "Priska, umeshamwondoa yule mkaguzi?"

Nimemwambia mtandao hauko.

"Basi ukirudi," amesema, na anaendelea kupuliza moto.

Mtandao upo.