Shikamoo Iliyobaki Ndani ya Kompyuta

Mpendwa Shangazi Mwaija, naomba msaada wako kabla akili haijaniruka, na nakuomba usinicheke, maana jambo lenyewe ukimsimulia mtu linaonekana la kitoto, lakini humu ndani limeshatufikisha pabaya. Mimi ni mjane, niko eda hapa Bagamoyo, naishi na mama mkwe wangu, Bi Khairiya, wawili tu, na mume wangu Shihab, Mungu amrehemu, alikuwa mpiga picha za harusi, kazi zake zote na picha zetu zote zimo kwenye kompyuta ya nyumbani.

Baada ya mazishi ile kompyuta ilianza kugonga. Inatoka ndani kabisa, ko ko ko, inanyamaza, inagonga tena, na mara mbili mama mkwe ameitika "karibu" akidhani kuna mtu mlangoni. Shemeji yangu Basil, ambaye kwa ajili ya eda huzungumza nami akiwa nje ya pazia, akasema hiyo ni diski inakufa na kila kilichomo kitaondoka nayo. Fundi mwanamume hawezi kuingia nilipo, na mama hataki kompyuta itoke nyumbani ikiwa na picha za wanawake wa watu, kwa hiyo Basil akaleta diski mpya, nami nikatafuta programu za kunakili diski nzima, zile zinazochukua kila kitu kama kilivyo na kukihamishia kwingine, nikaanza kuzijaribu moja baada ya nyingine nione ipi inafaa.

Ya kwanza ilikuwa ya bure, ikafika nusu, ikakwama penye ubovu na kukataa kuendelea. Ya pili iliruka penye ubovu ikamaliza, nikaiwasha kompyuta kwa diski mpya, ikawaka vizuri, picha zote zipo, hata za harusi ya Ubena ambazo Basil alizihamisha kutoka kwenye kamera baada ya msiba. Ningeachia hapo, Shangazi, saa hizi nisingekuwa nakuandikia. Lakini kulikuwa na ya tatu, programu ya Shihab mwenyewe, ambayo kumbe ilikuwa ikichukua nakala kila anapozima kompyuta na kuiweka kwenye diski ndogo ya nje, nikasema ngoja niilinganishe na ile ya pili, nikairejesha nakala yake ya mwisho juu ya diski mpya, ikaifuta ile ya pili.

Kompyuta ikawaka, na Shihab akasema.

Lazima nikueleze. Mume wangu hakuwa mtu wa kutoka nyumbani bila kumwamkia mama yake, na siku akiondoka alfajiri mama bado amelala, alikuwa anarekodi shikamoo yake isikike kompyuta ikiwashwa, maana kila baada ya chai namwashia mama asikilize kisomo. Siku ya Ubena alirekodi, akazima, akaondoka, na siku hiyo umeme ulikatika tangu asubuhi, uliporudi tulikuwa tumeshaletewa habari ya ajali. Kwenye diski ya zamani sauti hiyo iliangukia penye ubovu, ndiyo maana nakala ya pili ilikuwa bubu. Hii ya tatu ilisema, "Asalamu alaykum, mama. Shikamoo." Kisha kimya, pumzi zake zinasikika. Mama alikuwa ameketi nyuma yangu, akaitika, "Marahaba, baba," na ile sauti, kama iliyomsikia, ikasema, "Haya mama. Leo msinisubiri, kuleni tu."

Tangu hapo mama hali mpaka kompyuta iwashwe aitikie, na akishaitikia hali pia, anampakulia Shihab sahani yake na kuikodolea macho mpaka wali unapoa. Mwili umemwisha. Juzi kikohozi kilimshika akachelewa kuitika, na nakuapia, Shangazi, sauti ilimngoja, pumzi ziliendelea na kuendelea mpaka alipopata kusema marahaba, ndipo ikasema haya. Toka siku hiyo naogopa kile chumba. Nataka kuirudisha nakala ya pili kabla diski ya zamani haijafa na picha za bibi harusi wa Ubena, ambazo hii ya tatu haina kwa kuwa ilichukuliwa kabla Shihab hajaondoka, lakini mama anasema, "Ukiifuta hiyo, Ibti, umemfukuza mwanangu mlangoni," na somo yangu aliyenifunda naye anasema kusikiliza sauti ya marehemu kumeshaniharibia eda. Nifute au nisifute, na eda yangu je?

Mjane, Bagamoyo

Mwanangu, pole, na pole yangu si ya mdomoni. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimewasha redio ili nyumba isiwe kimya.

Nianze na lililo jepesi. Mimi si sheikh, mwagize Basil akuulizie kwa anayejua, ila sijapata kusikia eda ya mtu ikaharibiwa na sauti ya mumewe mwenyewe, na huyo somo yako angekuletea uji badala ya vitisho. Kuhusu kufuta, umejitesa bure. Nakala ya tatu uliitoa wapi? Kwenye diski ndogo ya nje. Basi bado imo humo, hata ukiandika kitu kingine kwenye diski mpya, Shihab hajafukuzwa na mtu. Toa sauti yake uiweke pia kwenye simu, kisha chomoa diski ndogo uifungie kabatini, na iendeshe ile programu ya pili leo hii, usingoje kesho, maana bibi harusi wa Ubena hana kosa.

Kuhusu sauti kumngoja mama, nitakwambia ninalolijua tu. Aliyelelewa vizuri akimwamkia mzazi huacha nafasi ya kuitikiwa, na Shihab aliiacha hata kwenye mashine. Juzi nafasi hiyo ilirefukaje, sijui, na sitakudanganya kwamba najua.

Sasa nikugombeze. Barua nzima ni mama hali, mama hataki, mama anasema. Lakini mwenyewe umeandika kwamba kompyuta huwa unamwashia. Nani basi anayeiwasha kila siku? Unakiogopa chumba na bado unaingia, kwa sababu nawe unataka kumsikia, na unajificha nyuma ya bibi kizee mwenye njaa. Tena hukuniambia hata mahali pamoja kama wewe unakula.

Kumtamani mumeo si dhambi wala si wazimu. Ila yule mama anakuishia mbele ya macho, na mwanawe mwenyewe aliwaambia mle. Kesho usiiwashe. Pika, pakua sahani mbili tu, keti naye mkekani, na akiuliza ya tatu iko wapi, mwambie kwa mdomo wako lile ambalo naona humo ndani hamjapata kuambiana: Shihab amekufa, mama. Mtalia, lieni. Akishindwa kula hata baada ya hapo, Basil ampeleke hospitali siku hiyohiyo. Lakini kwanza, mkishanyamaza, tia mkono sahanini wewe kabla yake, maana mama hatakula mpaka akuone wewe umemeza.